Karatasi kabla ya lori: mwongozo kamili wa kusafirisha taka hatari za kemikali kutoka Kisumu, Nakuru na Magharibi

Simu huja lori likiwa tayari getini. Anayepiga ni fundi wa maabara ya shule, au mwenye gereji, au karani wa stoo ya shamba la maua kule Naivasha. Dramu zimepangwa, vijana wa kupakia wamelipwa nusu, na dereva ameuliza swali moja tu: karatasi ziko wapi? Hapo ndipo watu hunikumbuka.

Mzigo wa taka za kemikali ni nadra kukwama kwa sababu kemikali yenyewe ni ngumu. Hukwama kwa sababu jina lililo kwenye dramu silo lililo kwenye hati, au hesabu ya dramu haikubaliani, au leseni ya lori iliisha mwezi uliopita na hakuna aliyeitazama. Na karibu kila mara chanzo ni kimoja: mtu alianza na lori. Katika kazi hii lori huja karibu na mwisho. Kila karatasi huzaliwa na iliyotangulia, na ukiruka moja, zinazofuata zote ni za kubahatisha.

Mwongozo huu ni wa mzalishaji, yaani wewe ambaye taka imetoka kwako: maabara, kiwanda, gereji, shamba, duka la dawa za mifugo. Hauhusu taka za hospitali wala vifaa vyenye mnururisho, ambavyo vina taratibu zake. Hauhusu pia kupeleka taka nje ya nchi. Hilo linahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ridhaa ya nchi inayopokea chini ya Mkataba wa Basel, na si kazi ya kujifunzia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usifungue hatua ya kwanza kabla ya kuvikusanya hivi mezani:

- Daftari la taka, au laha ya kompyuta, yenye safu ya namba ya chombo.
- Karatasi ya usalama ya kila kemikali, ile ambayo viwandani huitwa SDS. Aliyekuuzia anapaswa kukupa.
- Mizani inayobeba dramu. Kama huna, azima. Kukisia uzito ndiko kulikoharibu mizigo mingi.
- Lebo zisizoloa, kalamu ya wino usiofutika, na selotepu pana angavu ya kufunika maandishi.
- Nakala ya leseni yako ya tathmini ya athari kwa mazingira na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa mazingira.
- Fomu tupu ya hati ya ufuatiliaji wa taka. Katika Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006, yaani Tangazo la Kisheria namba 121, ilikuwa Fomu ya Tatu. Ichukue upya NEMA kila unaposafirisha. Ile iliyolala kwenye kompyuta ya ofisi tangu enzi za meneja aliyeondoka iache huko huko.
- Mhuri wa kampuni au shule, na mtu mmoja, narudia mmoja, mwenye mamlaka ya kutia sahihi.
- Faili ngumu yenye vigawanyo.

Jipe wiki 3. Ukiwa na vyombo visivyo na majina, jipe 6.

## Hatua ya 1: Hesabu stoo kwa macho yako

Chukua daftari, glavu, miwani ya usalama na mtu wa pili. Ingia stoo mkiwa wawili, milango wazi. Kila chombo kipe namba yake, iandike kwenye chombo kwa wino usiofutika, kisha katika daftari uandike: namba, kilichoandikwa kwenye chombo, aina ya chombo, kiasi kilichomo, hali ya chombo, na tarehe.

Andika unachokiona. Msimamizi wa stoo akikwambia "hiyo ni tina tu", yaani kiyeyushi cha rangi, na lebo imefutika, andika "lebo imefutika, msimamizi asema ni tina". Hayo ni mambo mawili tofauti, na yatakufaa yakitenganishwa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taka bila daftari haipotei; hurudi, tena na habari zake zote.

Katika stoo moja ya Nakuru nilikuta dramu 6 ambazo orodha ilisema ni mafuta machafu ya mashine. Tulipozigonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kwenda chini, 5 zilitoa sauti nzito hadi karibu na juu. Ya sita ilikuwa na sauti mbili: nzito chini, kisha tofauti katikati. Ndani mlikuwa na maji na asidi chini, mafuta yakielea juu. Kuna mtu aliyekuwa akimwagia kila kitu humo kwa sababu kifuniko chake kilifunguka kirahisi. Dramu hiyo moja ilituchukua muda mrefu kuliko zile 5 pamoja.

Onyo. Usifungue chombo kilichovimba, kinachovuja, au chenye chumvichumvi shingoni. Maabara za shule za zamani bado zina asidi ya pikiriki, ile ya manjano. Ikiwa imelowa maji ya kutosha husafirishika. Ikikauka ni baruti. Chupa ya zamani ya etha nayo hujenga peroksidi zinazoweza kulipuka kwa kusugua kifuniko tu. Ukikutana na moja kati ya hizi, usiiguse wala kuitikisa, funga chumba, na umwite mtaalamu aje hapo ilipo. Kwenye lori haipandi.

Umefaulu ikiwa mtu asiyejua stoo yako anaweza kuchukua daftari, kuingia, na kuweka kidole juu ya kila namba bila kukuuliza kitu.

## Hatua ya 2: Ipe kila taka jina lake kamili

Hapa ndipo daftari hugeuka kuwa lugha ambayo msafirishaji, mpokeaji na askari wa barabarani wote wanaielewa. Kila mstari unahitaji mambo manne: jina la kemikali, namba ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu 4, daraja la hatari, na kundi la ufungashaji.

Karatasi ya usalama ina sehemu 16. Huna haja ya kuzisoma zote leo. Sehemu ya 2 inakueleza hatari, ya 10 inakueleza kisichopatana nayo, ya 13 inazungumzia utupaji, na ya 14 ndiyo yenye namba ya Umoja wa Mataifa, daraja na kundi. Nakili kutoka ya 14 moja kwa moja.

Baadhi utakazokutana nazo sana huku kwetu:

- Asidi ya betri, ile ya salfuriki isiyozidi asilimia 51: UN 2796, daraja la 8 (vitu vinavyobabua), kundi II.
- Betri za gari zenye asidi ndani: UN 2794, daraja la 8.
- Dawa ya kung'arisha ya klorini, maarufu kama jiki ya viwandani: UN 1791, daraja la 8.
- Asetoni: UN 1090, daraja la 3 (vimiminika vinavyowaka), kundi II.
- Zebaki: UN 2809. Daraja lake kuu ni la 8, na hatari ya sumu huongezwa juu yake. Huku kwetu hutoka kwenye vipimajoto vya maabara, na kwa wachimba dhahabu wa Kakamega na Migori.
- Kimiminika kinachodhuru mazingira kisicho na jina lake pekee: UN 3082, daraja la 9 (hatari nyinginezo).

Kundi la ufungashaji linaeleza ukali: I ni hatari kubwa, II ya kati, III ndogo. Msafirishaji ataliuliza kwa sababu ndilo linaloamua chombo gani kinaruhusiwa.

Taka zilizochanganyika hupewa daraja kwa hatari zake, na karatasi ya usalama ya bidhaa ikiwa mpya haikutoshi tena. Asetoni iliyosafishia rangi yenye madini ya risasi si asetoni tupu. Andika vyote unavyojua vimo, kwa makisio ya asilimia, na useme wazi kwamba ni makisio. Kama hujui kabisa, kuna njia moja tu ya halali: sampuli iende maabara iliyoidhinishwa. Najua ni gharama. Lakini nimeona mpokeaji akirudisha dramu 3 "zisizojulikana" kutoka Athi River hadi Kisumu, na bili ya safari ya kurudi ilizidi kipimo cha maabara mara kadhaa.

Kuna watu wenye tabia ya kuandika jina laini ili mzigo upite haraka: "maji machafu", "vifaa vya usafi". Kifungu cha 141 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira kinahesabu kuweka lebo ya uongo kwenye taka hatari na kuficha habari zake kuwa makosa. Faini yake haipungui shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 2, au vyote pamoja. Na sahihi iliyo kwenye hati ni yako.

## Hatua ya 3: Fungasha, tenganisha, weka lebo

Chombo kizuri cha taka hatari kina alama ya Umoja wa Mataifa iliyochorwa juu yake. 1A1 ni dramu ya chuma isiyofunguka juu, 1A2 ni ile ya chuma yenye kifuniko kinachotoka, 3H1 ni jerikeni ya plastiki isiyofunguka juu. Herufi inayofuata ni X, Y au Z: X hubeba makundi yote matatu, Y hubeba II na III, Z hubeba III pekee. Kwa hiyo jerikeni ya Z haiwezi kubeba asidi yako ya kundi II hata ikiwa mpya na inang'aa. Vyombo vya plastiki vina mwaka na mwezi wa kutengenezwa, mwezi ukionyeshwa kwa mshale ndani ya duara. Vikipita miaka 5 vipumzishe.

Usijaze hadi mdomoni. Kutoka Kisumu hadi Nairobi gari hupanda Kericho na Mau, huteremka Bonde la Ufa, kisha hupanda tena. Joto na mwinuko vyote hubadilika, na kimiminika kinahitaji nafasi ya kutanuka. Acha nafasi ya sehemu moja katika kumi.

Tenganisha visivyopatana, na hapa sitanii:

Jiki na asidi yoyote hutoa gesi ya klorini. Sianidi na asidi hutoa gesi inayoua ndani ya dakika chache. Asidi ya nitriki na pamba, vumbi la mbao au mafuta huwasha moto bila kiberiti, kwa hiyo usifyonze nitriki iliyomwagika kwa unga wa mbao wa seremala jirani. Weka makundi haya kwenye pembe tofauti za stoo, na kwenye lori yawe na nafasi au ukuta kati yao. Afadhali safari mbili.

Lebo ya kila chombo iwe na:

- Jina la taka na namba ya Umoja wa Mataifa.
- Jina na anwani ya mzalishaji.
- Uzito wa kilichomo.
- Kilichomo na asilimia zake.
- Namna ya kukihifadhi na kukishika.
- Neno la onyo. Kanuni za 2006 zilitaja maneno ya tahadhari, neno la sumu, amri ya kuwaweka mbali wasiohusika, na picha ya fuvu na mifupa, kwa kadiri hatari inavyodai.
- Namba ya chombo kutoka daftari la hatua ya 1.

Hiyo ya mwisho haimo kwenye kanuni. Ni yangu, na ndiyo imeniokoa mara nyingi kuliko zote zilizo juu yake.

Lebo moja ubavuni, nyingine juu. Kamwe si kwenye kifuniko pekee, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Funika maandishi kwa selotepu pana. Asidi inayodondoka hula karatasi usiku kucha, na asubuhi utakuta chombo cheupe kisicho na historia.

Umefaulu ikiwa unaweza kusimama mita 2 mbele ya rundo na kusoma kila lebo bila kugeuza chombo chochote.

## Hatua ya 4: Mpate mpokeaji kabla ya msafirishaji

Taka hatari haiendi jalalani. Wenye vinu vya joto la juu, matibabu ya asidi na urejeshaji wa viyeyushi kama asetoni wenye leseni ya NEMA wengi wako upande wa Nairobi na Athi River, kwa hiyo kwa mtu wa Kakamega au Bungoma hiyo ni safari ya siku nzima. Ndiyo sababu jibu lao ulipate kwa maandishi.

Mtumie mpokeaji orodha yako ya hatua ya 2, picha za lebo na karatasi za usalama. Muulize mambo matatu: leseni yako inaruhusu aina hizi? Utazifanyia nini, kuteketeza, kutibu au kurejesha? Utanipa cheti baada ya siku ngapi?

Kisha omba nakala ya leseni yake na barua ya kukubali inayotaja kila mstari wa taka kwa jina na kilo. Barua isemayo "tunakubali taka zenu za kemikali" ni adabu tu. Haina meno.

Soma leseni yake hadi nyuma. Leseni huwa na masharti, na huko ndiko utagundua kwamba kinu kilichoruhusiwa ni cha taka za hospitali peke yake, au kwamba leseni ni ya kusafirisha na si ya kuteketeza. Msafirishaji mmoja aliwahi kunionyesha leseni nzuri yenye mhuri. Nilipogeuza ukurasa, ilikuwa ya kubeba mafuta yaliyotumika. Mimi nilikuwa na makopo ya dawa ya wadudu.

Kwa dawa za wadudu zilizopita muda, mhusishe pia aliyezisambaza. Mara nyingine huwa na mpango wa kuzirudisha. PCPB, bodi inayosajili dawa hizi nchini, inafaa kuulizwa kuhusu zile zilizopigwa marufuku.

## Hatua ya 5: Kagua leseni ya lori, si ya kampuni tu

Leseni ya kusafirisha taka hudumu mwaka mmoja na kuhuishwa. Angalia mambo haya, ukiwa na karatasi mkononi:

Tarehe ya mwisho iwe baada ya siku ya kufika, si baada ya siku ya kuondoka tu. Lori linaloondoka Kisumu tarehe 30 jioni na leseni ya kuisha tarehe 30 litafika kwa mpokeaji likiwa halina leseni.

Namba ya usajili iliyotajwa kwenye leseni iwe ya lori litakalofika getini. Hili ndilo kosa la kila wiki. Lori lenye leseni linapata panchari, tajiri anatuma la binamu yake, na hakuna anayesema kitu hadi kizuizi cha kwanza. Ikitokea hivyo, zuia kupakia. Ndiyo, utakasirikiwa.

Aina ya taka iwe inayoruhusiwa, kama kwa mpokeaji.

Ukiwa na shaka, ofisi ya NEMA ya kaunti yako inaweza kukuthibitishia leseni. Nenda na namba ya leseni, usiende na hadithi.

## Hatua ya 6: Jaza hati ya ufuatiliaji

Hii ndiyo karatasi yenye roho ya kazi nzima. Mzalishaji, msafirishaji na mpokeaji kila mmoja ana sehemu yake ya kujaza na kutia sahihi, na kanuni zinamtaka msafirishaji awe nayo muda wote wa safari. Ikiwa tupu mahali pamoja, ni tupu yote.

Nakuonyesha mstari mmoja, uliojazwa jinsi nilivyoupokea kutoka gereji moja:

*"Kemikali mbalimbali za betri, jerikeni kadhaa, lita 200."*

Na hivi ndivyo tulivyouandika upya:

*"Taka ya asidi ya salfuriki kutoka betri za magari, UN 2796, daraja la 8, kundi II. Jerikeni 9 za plastiki, 3H1, namba G-04 hadi G-12. Uzito wa kimiminika kilo 202.5; pamoja na jerikeni kilo 212.5."*

Tazama kilo. Mwenye gereji alihesabu jerikeni 10 za lita 20 na kupata lita 200, akadhani lita 200 ni kilo 200. Kwanza zilikuwa 9. Pili hazikujaa, kila moja ilikuwa na lita 18. Tatu, asidi hiyo ina uzito wa kilo 1.25 kwa lita. Lita 162 zikawa kilo 202 na nusu. Kwa bahati namba yake na yetu zilikaribiana, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: namba ya kubahatisha ikikaribiana mara moja, mtu hufanya mazoea. Dramu ya lita 200 ikijazwa lita 180 za mafuta machafu ina kilo 160 hivi za mafuta. Ijaze lita zizo hizo za asidi ya betri na una kilo 225. Mpokeaji hutoza kwa kilo, na mizani yake haina huruma.

Sheria zangu za kujaza, bila mpangilio maalum:

Mstari mmoja kwa taka moja. Usichanganye asidi na viyeyushi kwa sababu vyote viko kwenye jerikeni za buluu.

Namba za vyombo ziandikwe. Pasipo hizo, jerikeni ikipotea njiani hutajua ni ipi.

Jina la mpokeaji liwe lile la leseni yake, neno kwa neno. Jina la biashara lililo kwenye bango la barabarani mara nyingi ni jingine.

Usitumie wino wa kufutia mweupe. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika juu, tia sahihi ndogo na tarehe. Hati yenye madoa meupe huonekana kama imefichwa kitu, na anayeisoma saa 5 usiku hana muda wa kukuamini.

Nafasi isiyohusika iandike "haihusiki". Usiiache wazi, mtu mwingine ataijaza.

Mimi hutengeneza nakala 4: moja hubaki kwangu dereva akishatia sahihi, moja ni ya msafirishaji, moja ya mpokeaji, na moja hunirudia ikiwa na sahihi na mhuri wa mpokeaji. Hii ya nne ndiyo utakayokuwa ukiifukuzia simu.

Umefaulu ikiwa idadi ya vyombo na kilo kwenye hati, kwenye lebo, kwenye daftari na kwenye barua ya kukubali ni ileile, pande zote nne. Kaa chini na kalamu nyekundu uzilinganishe. Dakika 20.

## Hatua ya 7: Siku ya kupakia

Simama kwenye mkia wa lori na hati mkononi. Kila chombo kinachopanda, taja namba yake kwa sauti, na msaidizi aitie alama. Ukichoka, simamisha kazi, usimwachie utingo.

Nimejifunza hili kwa aibu. Mzigo wangu mmoja ulitoka Nakuru na hati ya dramu 12. Karibu na mizani ya Gilgil afisa alipanda nyuma na tochi. Dereva akanipigia: "Boss, hii karatasi inasema kumi na mbili, mimi hapa tunahesabu kumi na nne." Wakati nimeenda kunywa chai, mwenye stoo aliongeza dramu 2 "zilizosahaulika", kwa nia njema kabisa, kwa sababu lori lilikuwa na nafasi. Lori lililala hapo. Asubuhi nilisafiri kwenda kushusha dramu 2 na kuziandikia karatasi upya, na mpokeaji alikuwa ameshaipa zamu yetu mtu mwingine.

Kabla lori halijaondoka, mpe dereva bahasha moja yenye:

- Hati ya ufuatiliaji iliyotiwa sahihi na mhuri.
- Nakala ya leseni ya lori na ya mpokeaji.
- Barua ya kukubali.
- Karatasi ya usalama ya kila taka.
- Ukurasa mmoja wa dharura kwa Kiswahili: mzigo ni nini, ukimwagika afanye nini, asifanye nini, na namba za simu 3, yako ikiwa ya kwanza.

Ukurasa huo wa dharura uandike wewe. Karatasi za usalama ni za kitaalamu, na mtu aliyesimama kando ya barabara ya Salgaa akiona moshi mweupe hatasoma sehemu 16. Andika hivi: "Ni asidi. Usiimwagie maji. Simama upande upepo unakotoka, na uwazuie watu wasiusogelee mzigo. Piga simu."

Bahasha ikae mbele kwa dereva, si nyuma na mzigo. Moto ukianza nyuma, bahasha ya nyuma ndiyo ya kwanza kuungua.

Piga picha: lori na namba zake, mzigo ukiwa umefungwa kamba, na ukurasa wa sahihi.

## Hatua ya 8: Lori limeondoka, kazi haijaisha

Hapa wengi hufunga faili. Wakaguzi wa mazingira huanzia hapahapa.

Siku ya kufika, mpigie mpokeaji, si dereva, na uulize amepokea vyombo vingapi na kilo ngapi kwa mizani yake. Tofauti ndogo ya kilo ni ya kawaida. Tofauti ya chombo kizima si ya kawaida, hata kimoja, hata kikiwa tupu. Mwandikie barua pepe siku hiyohiyo, umtajie namba ya chombo kisichoonekana, na umjulishe msafirishaji kwa maandishi. Jerikeni tupu ya dawa ya wadudu inayouzwa njiani huishia kuwekewa maji ya kunywa nyumbani kwa mtu.

Nakala ya nne ikirudi, ilinganishe na ya kwanza. Kisha subiri cheti cha uteketezaji au matibabu. Kikifika, kisome kama hati: kinataja namba ya hati yako ya ufuatiliaji? Kilo ni zilezile? Kinasema ni njia gani iliyotumika na tarehe gani? Cheti kisemacho "tumeteketeza taka za mteja wetu" kirudishe kiandikwe upya. Watakuambia ndivyo wanavyowaandikia wote. Waambie wewe ni mmoja wa wachache wanaosoma.

Mpangilio wa faili langu, kutoka mbele kwenda nyuma: daftari la hatua ya 1, karatasi za usalama, barua ya kukubali, leseni zote mbili, hati ya ufuatiliaji ya kwanza, picha, hati iliyorudi, cheti, risiti. Mzigo mmoja, kigawanyo kimoja. Ukaguzi wa mazingira wa mwaka ukija, unatoa faili moja na kuketi.

Cheti kisipofika katika siku walizoahidi, piga simu. Usipopata jibu, andika barua. Barua ya pili iende na nakala kwa ofisi ya NEMA ya kaunti. Mpaka leo sijalazimika kuandika ya tatu.